Ruzuku ya Fedha kwa Kaya Maskini: Namna Inavyobadili Maisha ya Wakulima wa Karagwe na Kyerwa

Ruzuku ya fedha ni msaada ambao kaya maskini hupewa kwa fedha taslimu badala ya kupewa chakula, mbegu, nguo au mabati, na kaya yenyewe ndiyo huamua namna ya kuutumia. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, msaada wa aina hii hujulikana kwa jina moja tu: TASAF. Wapo miongoni mwa waamini wetu wanaoupokea, wapo wanaouhitaji lakini hawaupati, na wapo wanaouona kama fedha za bure zinazolea uvivu. Katika makala hii tunaeleza asili ya mpango huu, unavyofanya kazi, mambo ambayo utafiti umethibitisha, kasoro zake, na mwanga ambao Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia katika kuutazama.

Tungependa msomaji atangulie kushika jambo moja. Fedha hizi ni kidogo, na anayezipima kwa wingi wake atashangaa kusikia kwamba zinabadili maisha ya mtu. Nguvu yake iko katika wakati. Fedha kidogo inayofika katika mwezi wa dhiki humwezesha mkulima maskini kusubiri: asiuze kahawa ikiwa bado mbichi mtini, asiuze mbuzi kwa bei ya kutupa, wala asimwondoe mtoto shuleni ili akalime kibarua. Wahenga walisema subira huvuta heri. Lakini subira nayo ina gharama, na maskini ndiye asiyeweza kuilipa.

Asili ya mpango

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa na Serikali ya Tanzania mwaka 2000. Katika awamu zake mbili za mwanzo ulijishughulisha zaidi na miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe, kama vile madarasa, zahanati, visima na barabara za vijijini. Miradi hiyo ilikuwa na manufaa, ila ilidhihirisha jambo ambalo wachungaji wa roho wamelijua siku zote: zahanati inaweza kujengwa mlangoni pa maskini naye asitibiwe, kwa kuwa hana nauli wala fedha ya dawa, na shule inaweza kuwa jirani, mtoto asiende, kwa kuwa hana sare wala daftari.

Kwa sababu hiyo lilifanyika jaribio. Mwezi Januari 2010 kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha zilianza kupewa fedha moja kwa moja. Vijiji 80 vilihusishwa katika utafiti, na 40 kati yake vilichaguliwa kwa kura kuanza kupokea, ili matokeo yaweze kulinganishwa kwa haki. Baada ya jaribio hilo, mwezi Agosti 2012, Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ndio awamu ya tatu ya TASAF. Kufikia mwaka 2015 mpango ulikuwa umeandikisha kaya zipatazo milioni 1.1 nchini, katika takribani asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Kipindi cha pili kilizinduliwa na Rais John Magufuli mwezi Februari 2020, kwa lengo la kuvifikia pia vijiji vilivyokuwa vimeachwa.

Uhitaji ulikuwa dhahiri. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na kwamba asilimia 8 hawakumudu hata chakula cha kutosha. Hali ya vijijini ilikuwa ngumu zaidi kuliko ya mijini.

Mpango unavyofanya kazi

Uteuzi wa walengwa huanzia katika mkutano wa kijiji. Wananchi wenyewe hutaja sifa za kaya iliyo maskini sana mahali pao, kisha huorodhesha kaya zenye sifa hizo. Kaya zilizoorodheshwa hujaziwa dodoso kuhusu makazi, mali, elimu na idadi ya wategemezi. Majibu huchambuliwa, na orodha hurudishwa mbele ya mkutano ili wananchi waithibitishe.

Malipo hufanyika kila baada ya miezi miwili. Zamani fedha zilitolewa mkononi katika kituo cha malipo kijijini. Siku hizi malipo kwa njia ya simu na benki yamezidi kuenea. Kwa kawaida anayepokea kwa niaba ya kaya ni mama, kwa kuwa ndiye mwenye jukumu la kila siku la chakula na la watoto.

Katika viwango vya mwanzo vya Mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto aliye chini ya miaka 18 iliongezewa shilingi 4,000. Ruzuku ya masharti iliongezwa juu yake: shilingi 4,000 kwa kaya yenye mtoto mdogo anayehudhuria kliniki, 2,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa sekondari ya chini na 6,000 kwa wa sekondari ya juu. Jumla haikuzidi shilingi 38,000 kwa mwezi. Sharti kubwa la elimu ni mtoto kuhudhuria shule kwa angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Viwango vilirekebishwa katika kipindi cha pili. Msomaji anayetaka kujua vinavyotumika sasa awaone waratibu wa TASAF katika halmashauri yake.

Pamoja na ruzuku hiyo zipo ajira za muda. Mtu mmoja mwenye nguvu katika kila kaya, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, hufanya kazi za manufaa ya kijiji kama vile kutengeneza barabara, kuchimba malambo, kupanda miti na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi hizo zilipangiwa siku 60 kwa mwaka, yaani siku 15 kwa mwezi katika miezi minne ya uhaba, kwa ujira wa mwanzo wa shilingi 2,300 kwa siku.

Tuchukue mfano wa mama mjane mwenye watoto watatu, mmoja wa kliniki na wawili wa shule ya msingi. Kwa viwango hivyo alipata shilingi 22,000 kwa mwezi, yaani 44,000 katika kila malipo na 264,000 kwa mwaka. Akifanya kazi siku zote 60 aliongeza 138,000. Jumla ni shilingi 402,000 kwa mwaka mzima. Hakuna anayetajirika kwa fedha hizo. Je, zinabadili nini basi?

Mwaka wa mkulima na mtego wa butura

Ili kujibu swali hilo, ni lazima tuutazame mwaka wa mkulima wa kwetu. Maisha ya kaya nyingi za Karagwe na Kyerwa hutegemea kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, pamoja na maharage na mahindi. Ndizi hulisha nyumba kwa muda mrefu wa mwaka, ingawa mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera mwaka 2006, ulizinyang'anya kaya nyingi tegemeo hilo. Maharage hupandwa mvua zinapoanza, kwenye mwezi Septemba na tena kwenye Februari au Machi. Kahawa, ambayo ndiyo chemchemi ya fedha, huvunwa zaidi kati ya Mei na Septemba.

Fedha, kwa hiyo, huingia kwa msimu mmoja, ilhali mahitaji hayangoji msimu. Shule hufunguliwa Januari. Mbegu hutakiwa mvua inaponyesha. Malaria huzidi wakati wa mvua, na mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri mavuno. Kati ya Novemba na Aprili kaya maskini hujikuta akiba imekwisha, maharage bado yako shambani, na kahawa ingali kijani mtini.

Hapo ndipo butura huingia. Butura ni mauzo ya zao likiwa bado shambani: mwenye fedha huja katika mwezi wa dhiki, humlipa mkulima bei ndogo, na mavuno huwa yake. Tuseme mama anahitaji shilingi 40,000 mwezi Januari kwa ajili ya sare na matibabu. Anapewa hizo 40,000 kwa kahawa ambayo mwezi Julai ingempatia 100,000 katika chama cha msingi. Amepoteza 60,000, na msimu ujao ataanza akiwa maskini zaidi ya alivyokuwa. Kwa hiyo atauza butura tena. Viongozi wa Serikali wameipiga marufuku biashara hii mara kwa mara, na vyama vya ushirika, kikiwemo Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, vimeupigania mnada ili mkulima apate bei ya haki. Lakini marufuku haimlishi mwenye njaa. Bei nzuri ya mnada haimfai mtu ambaye kahawa yake ilikwisha kuondoka mikononi mwake miezi sita kabla.

Shilingi 44,000 zinazofika Januari zinaweza kuikata kamba hiyo. Thamani yake kwa mama yule si 44,000 peke yake. Ni pamoja na zile 60,000 ambazo hatazipoteza. Ndivyo ilivyo pia kwa mbuzi asiyeuzwa kwa haraka, na kwa siku za kupanda ambazo mama huzitumia katika shamba lake badala ya kwenda kibarua katika shamba la jirani. Mkulima anayelima kibarua mvua inapoanza hupata chakula cha leo, ila hupanda shamba lake kwa kuchelewa, na mavuno yake huwa haba. Fedha inayofika kwa wakati humrudisha shambani kwake siku inayotakiwa.

Hapa pia ndipo tunapoona ubaya wa malipo yanayochelewa. Ruzuku iliyotarajiwa Januari ikifika Aprili ni ile ile kwa hesabu, lakini kahawa imekwisha kuuzwa.

Yale ambayo utafiti umethibitisha

Matokeo ya jaribio la Bagamoyo, Chamwino na Kibaha yanaafikiana na maelezo hayo. Kaya zilizopokea fedha ziliongeza mifugo, hasa kuku na mbuzi. Zilijiunga zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na watoto wadogo waliugua kwa siku chache zaidi. Watoto walinunuliwa viatu. Wasichana waliongeza uwezekano wa kumaliza darasa la saba. Kwa mkulima wa kibanja, mbuzi ni akiba na pia ni samadi: migomba hunona, na siku ya dhiki ipo mali ya kuuza pasipo kuigusa kahawa.

Mfano mwingine uko jirani nasi, katika wilaya ya Muleba. Mkoa wa Kagera uliguswa mapema na vibaya na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa huko mwaka 1983. Watu wazima walipofariki, bibi na babu walibaki na wajukuu na majembe. Mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee lilianza, huko Nshamba, kuwalipa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya wajukuu wanaowalea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta wazee hao wanakula vizuri zaidi kuliko wenzao wasiopokea, na wajukuu wana mahitaji ya shule. Kichwa cha taarifa hiyo kilitaja vitu vitatu tu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Asiyewahi kuvikosa atavidharau. Aliyewahi kuvikosa anajua kwamba mtoto asiye na sabuni huona haya kukaa karibu na wenzake darasani, na kwamba bibi anayeomba chumvi kila siku hufika wakati akaacha kuomba.

Nchini Kenya, katika kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilitoa kwa mkupuo takribani dola 1,000 za Marekani kwa kila kaya maskini katika mamia ya vijiji. Wachumi waliofuatilia vijiji 653 walichapisha mwaka 2022 kwamba kila dola iliyotolewa iliongeza shughuli za uchumi wa eneo hilo kwa takribani dola 2.5, kwa kuwa aliyepokea alinunua kwa jirani, naye jirani akanunua kwa mwingine. Hata kaya zisizopokea zilinufaika, na bei za bidhaa hazikupanda hata kwa asilimia moja. Katika mradi mwingine wa shirika hilo hilo, watu walioahidiwa malipo madogo ya kila mwezi kwa miaka mingi walijiunga katika michezo ya kupokezana fedha, ili kiasi kidogo cha kila mmoja kigeuke mtaji. Walengwa wa kwetu wanayo njia hiyo hiyo katika vikundi vya kuweka akiba na kukopa. Haba na haba hujaza kibaba, mradi haba hiyo ije bila kukatika.

Hofu zinazosikika

Hofu ya kwanza ni kwamba fedha zitaishia katika rubisi na gongo. Hofu hiyo haikuzuka hewani, kwa kuwa kila kijiji kina mfano wake. Ila mfano mmoja si kanuni. Watafiti David Evans na Anna Popova walipitia tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu matumizi ya pombe na tumbaku kwa wanaopokea ruzuku. Kwa ujumla matumizi hayo hayakuongezeka, na mara nyingi yalipungua. Mama anayepokea fedha akiwa na watoto wanne nyuma yake ana mambo mengi ya kufanya kabla ya pombe.

Hofu ya pili ni uvivu. Shilingi 22,000 kwa mwezi haziwezi kumfanya mtu aache jembe. Zinachoweza ni kumfanya achague jembe la shamba lake badala ya jembe la kibarua.

Hofu ya tatu ni wivu na mgawanyiko, nayo ina uzito. Katika kijiji ambamo karibu wote ni maskini, mstari kati ya anayepata na asiyepata huwa mwembamba sana. Makosa ya uteuzi yamekuwepo: zipo kaya zilizoingizwa kwa undugu, na zipo kaya dhaifu zilizosahauliwa kwa sababu hakuna aliyezitetea katika mkutano. Uhakiki uliofanywa na Serikali baada ya miaka ya mwanzo uliondoa maelfu ya kaya zisizostahili. Zanzibar walichagua njia tofauti kwa upande wa wazee: tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi alistahili pensheni, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kama ni tajiri au maskini. Njia hiyo huhitaji fedha nyingi zaidi, ila hupunguza minong'ono.

Ni vema kukumbuka kwamba mpango ukiendeshwa kwa uwazi huzaa pia kuaminiana. Katika vijiji vya jaribio la mwaka 2010, imani ya wananchi kwa viongozi wao wa mahali iliongezeka. Mahali palipo na mkutano wa kweli, wivu hupungua.

Mwanga wa Mafundisho ya Kanisa

Maandiko Matakatifu yanaijua hali tuliyoieleza. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 24, kinakataza mtu kutwaa rehani jiwe la kusagia, kwa maana kufanya hivyo ni kutwaa uhai wenyewe wa mtu. Sura hiyo hiyo inaagiza kibarua alipwe ujira wake kabla jua halijachwa, na mavuno yaliyosahauliwa shambani yaachiwe mgeni, yatima na mjane. Kahawa iliyo mtini ni jiwe la kusagia la kaya ya Karagwe. Anayeitwaa kwa butura katika mwezi wa njaa na ajiulize mbele ya Mungu anatwaa nini. Waraka wa Mtakatifu Yakobo, sura ya 2, nao unakemea imani inayomwombea heri asiye na nguo na chakula, huku ikimwacha aondoke mikono mitupu.

Kanisa halifundishi kwamba fedha inatosha. Katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, namba 128, Papa Fransisko alieleza kwamba kuwasaidia maskini kwa fedha ni suluhisho la muda linalokidhi hitaji la haraka, na kwamba lengo kuu ni kumwezesha mtu kuishi kwa heshima kwa njia ya kazi yake. Papa Leo XIV, katika wosia wake wa kitume Dilexi te wa Oktoba 2025, amerudia kwamba kazi ndiyo msaada ulio bora, akakazia vilevile kwamba sadaka bado ina nafasi yake pale kazi inapokosekana. Kwa mkulima wa kwetu mafundisho haya mawili hayapingani. Kazi anayo, na ardhi ndogo anayo; anachokosa ni muda wa kuifikisha kazi yake kwenye mavuno. Ruzuku inayomwokoa na butura inalinda kazi yake.

Tena, mafundisho haya yanatukumbusha kwamba mlengwa ni mtu mwenye hadhi. Kumpa fedha taslimu ni kumwambia kwamba tunamwamini: anajua kuliko sisi kama nyumba yake inahitaji sabuni, mbegu au dawa.

Wajibu wa Jumuiya na parokia

Yapo mambo ambayo sisi waamini tunaweza kuyafanya bila kungoja yeyote.

Kwanza, tuhudhurie mikutano ya kijiji inayoteua na kuhakiki walengwa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo huwajua wagonjwa wasiotoka ndani, wajane wapya na watoto wanaoishi peke yao. Tuwataje. Na tukiona jina lisilostahili, tuseme kwa upendo na kwa ukweli, hata likiwa la ndugu yetu.

Pili, tuwasindikize wazee. Malipo ya simu yameondoa safari ndefu, lakini yameleta hatari mpya: bibi asiyejua kusoma humpa mtu namba yake ya siri, na fedha hupungua njiani. Kila Jumuiya inaweza kumteua mtu mwaminifu wa kumsindikiza mzee kwa wakala na kuhesabu fedha mbele yake. Namba ya siri ibaki kuwa yake.

Tatu, ruzuku isigeuzwe mahali pa kukusanyia michango. Fedha hii ni ya watoto wa kaya ile. Kuikata kwenye meza ya malipo, iwe kwa mchango wa kijiji au wa ujenzi wa kigango, si haki. Mjane wa Injili alitoa senti zake mbili kwa hiari; hakuna aliyemsubiri mlangoni. Mlengwa anayependa kumtolea Mungu atatoa mwenyewe, na kidogo chake kina thamani kubwa.

Nne, tuimarishe vikundi vya kuweka akiba. WAWATA na vyama vingine vya kitume vinaweza kuwaalika walengwa bila kuwaaibisha, ili kiasi kidogo kiwe mbuzi, mbuzi awe samadi, na samadi iwe ndizi. Kikundi chenye akiba kinaweza pia kuwa na mfuko wa miezi ya dhiki, unaomkopesha mwanachama Januari naye akarejesha Julai kwa masharti ya haki. Mfuko kama huo hufanya kazi ya ruzuku hata kwa wale ambao TASAF haikuwafikia, na hubaki baada ya kaya kuhitimu na kutoka katika mpango.

Tano, tusiwe sisi wanunuzi wa butura. Wapo waamini wenye duka, pikipiki au mshahara ambao hununua kahawa ya jirani ikiwa mbichi, kisha Jumapili wakasali naye katika benchi moja. Kama tunayo fedha mwezi Januari, tumkopeshe jirani, naye arejeshe kilicho halali. Ruzuku ya Serikali inaweza kuchelewa, kupungua au kukoma. Ujirani mwema haupaswi kungoja bajeti.

Kaya inayopata nafasi ya kusubiri hadi kahawa iive hupata mengi kwa pamoja: bei halali, mtoto darasani, mbuzi zizini, na mama anayeketi katika Jumuiya yake bila deni la kumfanya ainamishe kichwa. Ruzuku hufungua nafasi hiyo kwa miezi miwili miwili. Kuilinda isifungwe tena ni kazi yetu sote.